Mwenyewe Akiondoka, Kinabaki Nini?

Minada ya korosho ikianza, mwezi Oktoba hivi, maduka ya kompyuta mjini Mtwara huchangamka. Malipo ya wakulima yanaingia benki, na katikati ya wanaonunua bati, magodoro na pikipiki wapo wazazi wanaonunua kompyuta: ya kijana anayekwenda chuo, au ya nyumba nzima. Nyingi ni za mtumba, zimetumikia ofisi za Ulaya au Dubai, na baadhi bado zina vibandiko vya namba za mali za huko zilikotoka. Mnunuzi anakagua kioo, anauliza betri inakaa na chaji saa ngapi, anapunguziwa bei kidogo. Kisha fundi anamuuliza, "Nikuwekee programu zote?" Naye anajibu, "Weka zote."

Jibu hilo linanisumbua. Mkulima aliyesimama ghalani kuangalia mzani wa korosho zake, akahoji kila makato kwenye stakabadhi yake, anamwachia mtu mwingine amchagulie vyombo ambavyo familia yake itaandikia, itachorea na kuhesabia fedha kwa miaka. Na hizo "zote" ni zile zilizomo kwenye diski ya fundi tu. Nyingi zimechakachuliwa funguo zake, nyingine hazitafunguliwa hata mara moja, na zote zinakula nafasi na kuifanya mashine iwe nzito kabla haijafanya kazi yoyote.

Kwetu Chuno tuna kompyuta moja ya mezani, ipo sebuleni, na kila mtu ana zamu yake. Mimi naandika. Mwenzangu ni mweka hazina wa kikoba cha mtaani. Binti yetu anachora. Mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye kwa sisi Wamakonde neno lake ndani ya ukoo halipitwi hivi hivi, alikuja na rundo la kauntabuku alizojaza kwa kalamu ya wino, zenye habari za ukoo wetu: majina, ndoa, mashamba, na namna walivyovuka mto Ruvuma kuingia Tanzania wakati wa vita vya ukombozi vya Msumbiji, vile vya 1964 hadi 1974. Yeye mwenyewe alivushwa akiwa kijana. Anataka kiwe kitabu kabla macho hayajamkatalia.

Kabla ya kuweka programu yoyote tulikaa na karatasi tukaandika kazi, bila jina la programu hata moja. Kitabu cha ukoo. Hesabu za kikoba. Michoro ya khanga. Sauti za wazee. Nashauri kila nyumba ifanye hivyo, maana karatasi ile ilituokoa na mengi. Programu ambayo haikupata kazi ya kufanya haikuingia ndani ya mashine, hata kama ilikuwa inasifiwa mtaa mzima.

Nilipomweleza mjomba kwamba kitabu chake tutakiandikia kwenye programu iitwayo LibreOffice, alinyamaza kwanza.

"Umeinunua, mjomba?"

"Hapana, mjomba. Ni ya bure."

"Ya nani?"

Nikaanza kumweleza habari za watu walioitengeneza kwa kujitolea, sehemu mbalimbali za dunia, na taasisi inayowakusanya. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Kila kitu kina mwenyewe. Mimi nauliza, huyo mwenyewe akiondoka, kinabaki nini?"

Mtu wa Mtwara ana sababu ya kuuliza hivyo. Mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 ulileta huku mashine, wazungu, ahadi na reli ya kutoka pwani hadi Nachingwea. Mwaka 1951 mpango wenyewe ukavunjwa, karanga hazikuota kama walivyopiga hesabu London. Reli ikaendelea kidogo, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa, vyuma vyake vikang'olewa. Mjomba alipokuja kufanya vibarua bandarini alisimuliwa na wazee walioipanda. Kilichobaki ni bandari, kwa sababu kina cha maji ya ghuba yetu hakuna anayeweza kukifunga kwenye makasha akaondoka nacho. Leo korosho zinatokea hapo hapo.

Nililichukua swali lake nikalifanya kipimo changu. Watu wengine huuliza programu ina vitufe vingapi, au inatumiwa na nani huko Dar es Salaam. Mimi siku hizi nauliza kama mjomba, na nimeona swali hilo linajibika, tena kwa matukio.

Chukua hiyo hiyo LibreOffice. Mizizi yake ni programu ya Kijerumani iliyoitwa StarOffice, iliyoanzishwa na kijana Marco Börries katika miaka ya 1980. Mwaka 1999 kampuni ya Marekani, Sun Microsystems, ikainunua, na mwaka uliofuata ikaweka msimbo wake hadharani kwa jina la OpenOffice.org. Mwaka 2010 Sun yenyewe ikamezwa na Oracle. Wale waliokuwa wakiijenga programu wakaingiwa na wasiwasi na mwenye mali mpya, na tarehe 28 Septemba 2010 wakachukua msimbo ule ule, ambao leseni yake iliwaruhusu, wakaanzisha LibreOffice chini ya taasisi yao, The Document Foundation. Mwaka uliofuata Oracle ikaachana na OpenOffice. Wenye mali wameondoka mara tatu katika hadithi hiyo, na barua iliyoandikwa kwa programu ile miaka ya mwanzo ya 2000 bado inafunguka sebuleni kwangu. Hapo hakuna wa kuja kung'oa vyuma.

Hadithi hiyo ina tawi lake hapa Tanzania, na linastahili kukumbukwa zaidi ya linavyokumbukwa. Msimbo wa OpenOffice ulipokuwa wazi, mradi wa KiLinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu wa Sweden, uliitafsiri programu kwa Kiswahili na kuitoa Desemba 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. Hawakuhitaji kumpigia magoti mwenye kampuni ili lugha yetu iingie kwenye menyu. Walikaa wakafanya. Mtaalamu wa Kenya, Jason Githeko, naye aliandaa kamusi ya tahajia ya Kiswahili kwa ajili ya programu hiyo. Mradi ulikoma, jina la Jambo OpenOffice limesahaulika hata vyuoni, na hilo linaniuma, kwa sababu kizazi cha binti yangu kinaamini kwamba kompyuta kuongea Kiswahili ni fadhila ya makampuni makubwa. Hata hivyo kazi haikupotea. Ukiweka LibreOffice leo unaweza kuchagua Kiswahili cha Tanzania, na kikagua tahajia kipo. Kwenye mashine yetu menyu nyingine zimebaki Kiingereza, kazi haijamalizika. Mwenye uwezo na aimalizie, mlango uko wazi.

Na nani analipa? Mjomba aliuliza hilo pia, maana yeye ni katibu wa zamani wa chama cha msingi, na mtu wa namna hiyo hawezi kuacha kuuliza fedha zinatoka wapi. Nikamsimulia kisa cha Blender, programu ya kuchora na kuhuisha picha za pande tatu. Mwaka 2002 kampuni iliyoimiliki ilifunga milango. Ton Roosendaal, Mholanzi aliyeianzisha, akakubaliana na wawekezaji wamwachie msimbo kwa euro 100,000, kisha akawageukia watumiaji akaomba michango. Fedha zilipatikana kwa takriban wiki saba, na Oktoba mwaka huo programu ikawekwa mikononi mwa umma moja kwa moja. Mjomba alielewa papo hapo. Huku kwetu harusi, msiba, unyago, ada ya mtoto wa jirani, vyote vinapita kwenye daftari la michango. Kitu kilichochangiwa na wengi si cha bure, kimeshalipiwa.

Upande wa pili wa kipimo niliuona kwa dada yangu, mwenye steshenari pale Magomeni, hapa hapa mjini. Anachapa barua, anatoa kopi, anapiga laminesheni, lakini fedha yake hasa ipo kwenye kadi: za michango ya harusi, za mahafali, na likizo za shule zikifika, za jando na unyago. Kadi zote hizo amezitengeneza kwa Microsoft Publisher, kama zilivyo steshenari nyingi nchini. Ana folda za miaka. Mteja aliyemchezesha mwali wa kwanza anarudi na wa pili anasema nataka kama ile ile, na dada anaifungua, anabadilisha jina na tarehe, anaprinti.

Microsoft imetangaza kwamba Publisher inafikia mwisho Oktoba 2026, na kwamba wanaolipia Microsoft 365 hawataweza tena kufungua mafaili yake kwa programu hiyo. Nilipompa dada taarifa hizo hakuamini. Kazi ni yake, wateja ni wake, maua aliyapanga mwenyewe usiku, inakuwaje mtu wa mbali aamue lini afungue na lini asifungue?

Tulijaribu. LibreOffice Draw inaweza kusoma mafaili ya Publisher, kwa hiyo tukachukua kadi moja ya harusi tukaifungua sebuleni kwetu. Picha ya maharusi ilikaa mahali pake. Pindo la maua lilikuja zima. Jina la bibi harusi, lililokuwa katikati kwa mwandiko wa kupinda, lilishuka likaingia juu ya mstari wa tarehe, kwa sababu fonti ile haikuwemo kwenye mashine yetu na nyingine ilichukua nafasi yake ikiwa pana zaidi. Dada alitazama kwa muda, akasema, "Si mbaya, ina marekebisho." Tukanakili fonti kutoka kwenye kompyuta yake, tukafungua upya, jina likapanda juu. Kwa kadi nyingine ilishindikana kabisa, jedwali la ratiba lilivurugika likawa maneno yaliyotawanyika. Basi sasa kila anapopata nafasi anafungua kadi za zamani kwenye Publisher ingali hai, anazihifadhi pia kama PDF, na zile zinazorudiwa mara kwa mara anazijenga upya. Ni kazi ya kuchosha na hakuna mteja anayeilipia. Anaifanya kwa sababu folda ile ndiyo mtaji wake.

Habari za namna hii si ngeni. Picasa, ambayo watu wengi walipangia picha zao, Google waliisitisha mwaka 2016. Movie Maker ya Windows ikaondolewa Januari 2017. Adobe walitangaza Mei 2013 kwamba matoleo mapya ya Photoshop na ndugu zake hayatauzwa tena, yatalipiwa kwa mwezi au mwaka. Simlaumu mfanyabiashara kwa kuendesha biashara yake. Ila mwenye kompyuta ajue anaponunua na anapopanga, kwa sababu mpangaji anaweza kuhamishwa.

Kupanga kuna taabu nyingine kwa mtu anayeishi huku mwisho wa nchi. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipiga pwani yetu, barabara ya kusini ikakatika, na kabla watu hawajamaliza kuhesabu hasara, tarehe 12 ya mwezi huo nyaya za EASSy na Seacom zilizo chini ya bahari zikakatika na intaneti ikawa ya kusuasua Afrika Mashariki nzima. Programu ya kulipia inayotaka kuwasiliana na kwao kila baada ya muda ili ijue kama bado una haki ya kuitumia ni mzigo mahali ambapo mawasiliano yanaweza kuondoka na upepo. Siku zile tulifanya kazi kama kawaida. LibreOffice tulikwisha kuipakua zamani, faili lake la kuiweka lina zaidi ya megabaiti 300, na tumelihifadhi kwenye fleshi. Jirani akiitaka anakuja kuichukua bila kuchoma bando, tena kwa ruhusa kamili ya walioitengeneza.

Nimesema mno kuhusu kubaki. Nieleze sasa namna kazi yenyewe inavyokwenda, kwa sababu programu inayobaki lakini haifanyi kazi haina maana.

Mjomba anasoma kauntabuku kwa sauti, binti anachapa. Jambo la kwanza nililobadilisha lilikuwa muda wa programu kujihifadhia nakala ya dharura, ambao hukaa kwenye dakika 10. Nikaushusha hadi 2. Huku umeme hukatika bila taarifa, na kompyuta ya mezani haina betri. Siku ulipokatika katikati ya habari za msafara wa ukoo kupitia Negomano, mjomba alishika kichwa. Umeme uliporudi, dirisha dogo lilijitokeza likaorodhesha waraka uliokuwa wazi na kuuliza kama tuurejeshe. Ilikosekana sentensi moja, na mjomba alikuwa bado ameishikilia kwa kidole kwenye daftari.

Halafu ile mistari myekundu. Kikagua tahajia cha Kiswahili hakijui majina ya mahali kama Mueda au Nangade, wala jina la bibi mzaa bibi yetu. Kila jina la Kimakonde lilipigiwa mstari kama kosa, na mzee hakupenda, alihisi mashine inawakosoa marehemu. Binti akamwonyesha namna ya kubofya jina na kuliongeza kwenye kamusi. Tangu siku hiyo akawa anasubiri mstari mwekundu utokee ili auamuru uondoke. Sikujua hayo maneno yanakwenda wapi mpaka nilipotafuta. Yanakaa kwenye faili moja dogo la maandishi ya kawaida, neno moja kila mstari. Nikalifungua. Ukoo wetu ulikuwa humo, watu na vijiji na vivuko, umepangwa kama orodha ya shule, na wala hatukuwa tumedhamiria kuutengeneza. Nimelinakili, na mashine yoyote tutakayohamia, faili hilo ndilo la kwanza kuingia.

Sauti tulizirekodi Msimbati, kwa mama mkubwa. Yeye ni mkubwa kuliko mjomba na anakumbuka nyimbo ambazo mjomba anakumbuka mdundo wake tu. Kwa kazi hii tunatumia Audacity, iliyoanza kama kazi ya Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ikatolewa kwa umma mwaka 2000. Ni nyepesi, inakwenda hata kwenye mashine ya zamani sana. Tulirekodi kwa simu, tukiwa tumeiseti ihifadhi WAV, kwa kuwa sauti ya kawaida ya simu inahitaji nyongeza kidogo ili Audacity iisome. WAV ni nzito, dakika moja ya sauti ya upande mmoja ni kama megabaiti 5, lakini haina kilichopunguzwa ndani yake.

Mama mkubwa hakutaka kukaa ndani. Alikaa kibarazani, mivinje ikivuma na bahari ikipiga, na sauti yake si kubwa. Nyumbani nilifanya kama maelekezo yanavyosema: nikachagua sekunde chache alizonyamaza, nikaiambia programu hiyo ndiyo kelele, kisha nikaiambia iiondoe kwenye rekodi nzima. Kwa kiwango kilichokuwemo, desibeli 12, upepo ulipungua. Nikaongeza zaidi, upepo ukaisha kabisa, na mama mkubwa akawa anaimba kama yumo ndani ya debe. Zile herufi laini anazozitamka bila meno ya mbele zilikwenda na upepo. Nikarudi nyuma hadi 6, nikaiacha bahari isikike. Mjomba aliposikia alisema hapo ndipo Msimbati, na mimi nakubaliana naye. Rekodi asilia haikuguswa, tunafanyia kazi nakala. Na kabla ya yote tulimuuliza mwenyewe nyimbo zipi zisikike na watu wote na zipi ni za wanawake peke yao. Alitenga za unyago. Hizo zimo kwenye folda ambayo mimi siifungui.

Upande wa michoro nitapita haraka, kwa kuwa mwenye kujua ni binti. Anatumia Krita kwa kupaka rangi na Inkscape kwa michoro ya khanga, kwa sababu anachokichora humo kinaweza kukuzwa hadi ukubwa wa kitambaa bila kingo kupata ukungu. Anachora korosho moja ya pindo, vizuri kabisa, kisha anaipanga izunguke mji mzima wa khanga. Picha anazisafisha kwa GIMP, kazi iliyoanzishwa na wanafunzi wawili wa Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, mwaka 1995. Video hatufanyi kwenye mashine hii, haina nguvu hiyo na simu inatosha.

Wenzangu wapo wanaosema GIMP haifikii Photoshop. Ni kweli kwa kazi fulani, na mtu ambaye ofisi za Dar es Salaam zinamtumia mafaili ya Photoshop kila siku na kumlipa, basi alipie Photoshop, gharama hiyo itarudi. Kijana wa studio anayepiga biti kwa FL Studio na ameshaizoea, ainunue, tena ile ukilipa mara moja wanakupa matoleo mapya maisha yote. Mwenzangu mwenyewe alibaki na Excel kwa hesabu za kikoba, kwa sababu mkaguzi wao ana fomula zake humo na wanachama wanataka kuona karatasi ile ile waliyoizoea. Sikubishana naye. Fedha za watu hazifanyiwi majaribio.

Ninachobishana nacho ni ile tabia ya kuchakachua. Mtwara ni mkoa wa watu wanaoishi kwa kubuni. Mchongaji wa mpingo anayeona kinyago chake kimeigwa na kuuzwa bei ya kutupa anajua maumivu hayo. Msanii anayesikia wimbo wake kwenye fleshi zinazouzwa stendi anajua. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 tunaitaja sana inapotulinda sisi. Sasa mtoto wangu akichora pindo lake kwa chombo kilichoibiwa, nitamfundishaje kudai pindo hilo lisiibiwe? Angekuwa hana njia nyingine ningenyamaza. Njia ipo, iko wazi, na inatosha kazi yake. Sitaki kumlea katika woga wa kwamba siku moja programu itajifunga, wala katika mazoea ya kuona jasho la mwenzie ni kitu cha kuokota. Achilia mbali virusi vinavyoingia na hizo funguo, ambavyo dada yangu ameshavilipia mafundi zaidi ya bei ya programu halali.

Nakala tunazitunza sehemu mbili zilizo mbali. Diski moja ipo kabatini, imefungwa kwenye mfuko na mchele kidogo kwa sababu ya unyevu wa chumvi, ambao huku hula chuma chochote ulichokisahau. Nyingine ipo kwa shemeji Masasi, juu, mbali na bahari, na inabadilishwa mtu wa nyumbani anaposafiri. Mwaka 2019 tulipoambiwa Kimbunga Kenneth kinakuja, na watu wa pwani wakatakiwa wasogee sehemu za juu, nilitambua kwamba kauntabuku za mjomba zilikuwa ndani ya sanduku la mbao chini ya kitanda. Kimbunga kilipiga upande wa pili, Cabo Delgado, kwa ndugu zetu. Hofu ile ndiyo iliyoleta utaratibu huu.

Kilichobaki mezani sasa ni Windows 10 yenyewe. Microsoft waliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta yetu haina sifa zinazotakiwa na Windows 11, ingawa inafanya kazi zetu zote bila kulalamika. Zipo mashine nyingi za namna hii Mtwara, zilizonunuliwa kwa fedha za korosho, na wauzaji wameanza kuwaambia watu zimekufa. Tuliweka Linux Mint kwenye fleshi tukaiwasha kutoka humo, bila kugusa kilichomo ndani ya mashine, ili kila mtu aijaribu kazi yake. LibreOffice, Audacity, Krita na Inkscape zilifanya kazi kama tulivyozizoea. Mjomba hakuona tofauti, aliuliza tu mandhari ya mezani imebadilishwa na nani. Excel ya mwenzangu haimo humo, kwa hiyo hesabu za kikoba zitahamia kwenye kompyuta ndogo ya mweka hazina msaidizi, wameshakubaliana. Printa ya dada, tuliyoiazima kwa jaribio, ilikataa, na yeye hawezi kuhama mpaka apate nyingine. Sisi tunahama likizo ya Desemba, binti akiwa nyumbani. Mjomba ameomba sura ya kuvuka mto imalizike kwanza, na amebakiza kauntabuku moja na nusu.